Mwanangu, mpango uweke kando kwanza

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Mpango wako wa sabuni za mwani nimeusoma wote: hoteli za Nungwi na Paje, kisha Dubai. Umeuandika vizuri. Lakini kwa sasa uweke sandukuni, maana hapana hata ukurasa mmoja unaosema wiki iliyopita mmetoa sabuni ngapi, na ngapi kati yao zilifaa kuuzwa.

Anza na mizani. Mkupuo wa kilo 2 za mafuta ya nazi unataka gramu 348 za kostiki soda na gramu 700 za maji. Kwa vipimo hivyo kiasi cha asilimia 5 ya mafuta hubaki bila kugeuka sabuni, na ndiyo yanayoisaidia ngozi isikakamae sana. Mwani uoshwe chumvi kwa maji baridi, ukaushwe, usagwe. Gramu 40 zinatosha. Soda itiwe kwenye maji, usimimine maji juu ya soda hata siku moja, yatakurukia usoni. Miwani na glavu zivaliwe kabla kopo la soda halijafunguliwa. Sufuria ya alumini usiiguse, soda inaila.

Kopo hilo lifungwe palepale baada ya kupima. Masika hewa yetu imejaa unyevu, na soda huunyonya. Baada ya siku chache gramu 348 unazopima ni soda pamoja na maji iliyoyanywa, sabuni inatoka laini, ya mafutamafuta, na watu wanalaumu nazi. Kila mmoja hapo kazini anajua kopo lifungwe. Mazoea ndiyo bado.

Kwa hiyo pawe na daftari moja, na kalamu ifungwe kwa uzi. Kila mkupuo upewe nambari, tarehe, jina la aliyepima, na uzito uliosomeka kwenye mizani, usiwe ule wa kwenye karatasi ya vipimo. Waandike wakati ule ule wa kupima. Daftari linalojazwa jioni kwa kukumbuka halina faida, bora msiwe nalo. Nambari hiyo hiyo iandikwe kwenye rafu, ili sabuni ikirudishwa na mteja mjue ilitoka mkupuo gani.

Ubao nao usiupuuze. Kila Jumamosi asubuhi, dakika 15, mkiwa mmesimama, uandikwe kazi za wiki: kazi, mwenye kazi, siku ya kumaliza. Zisizidi tano. Jumamosi ifuatayo kila moja iulizwe kama imekwisha au haijesha. "Karibu" ihesabiwe haijesha. Usimfokee mtu. Uliza kilichomkwamisha, ukiandike. Sababu ile ile ikirudi mara mbili, kama lebo kuchelewa kuchapwa, basi hiyo ndiyo kazi yako wewe mwenyewe wiki hiyo.

Fedha zihesabiwe kila jioni kabla ya kufunga, na deni liandikwe kwa jina. Nauli yako isitoke kwenye kasha la biashara.

Nenda hivyo wiki 10, bila kukosa hata Jumamosi moja. Hapo utakuwa na hesabu za kukuongoza. Sabuni ya gramu 100 hukatwa gramu 115, kwa kuwa hupungua ikikauka. Mkupuo mmoja basi unatoa vipande 26. Hoteli ikitaka 300 kwa mwezi, hiyo ni mikupuo 12, kilo 24 za mafuta. Kila kipande kinakaa rafuni si chini ya wiki 4, kwa hiyo mzigo wa mwanzo wa Disemba uwe umeshamiminwa kalibuni mwisho wa Oktoba, na mafuta yamelipiwa kabla ya hapo. Je, rafu zinatosha? Mtaji utastahimili kulala mwezi mzima kabla hujapata hata shilingi? Hayo yajue kabla hujamwitikia meneja yeyote.

Ukija nyumbani, njoo na daftari. Tutautoa mpango sandukuni, tuusome ukurasa kwa ukurasa, daftari likiwa wazi pembeni.

Mamako