Jetiski inavuja? Msianze na silikoni

Mhariri, salaam. Naomba nafasi nimjibu yule msomaji wenu aliyeandika kwamba jetiski (zile pikipiki za majini) za mtumba zinazoshushwa huku kwetu zote mbovu, ati ukiiacha majini usiku asubuhi unaikuta imeinua pua kama inaomba msaada. Malalamiko yake nayaelewa, ila hapo kwenye "zote mbovu" sikubaliani nae. Mtumba au mpya, chombo kinavuja tu, hata majahazi ya babu zetu yalikuwa na mtu wa kufua maji. Shida ya hapa Tanga ni tiba tunayotoa. Mtu akiona maji ndani ya jetiski yake mbio mpaka hadwea, ananunua tyubu ya silikoni, anailaza pembeni anapaka kila mkwaruzo anaouona chini, kesho inavuja vilevile, anapaka tena juu ya ile ya jana, alafu anakwambia bodi imechoka.

Bodi mara nyingi haina kosa lolote. Kabla hujashika tyubu jiulize hiyo kitu inavuja ikiwa imesimama au ikiwa inakimbia, maana ni magonjwa mawili tofauti. Jetiski nyingi zina vijipira vyembamba ndani vinavyonyonya maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, kwa kutumia kasi ya maji yanayorushwa nyuma na pampu, havina mota wala swichi, ukikimbia vinafanya kazi ukisimama navyo vinalala. Kwa hiyo jetiski yenye kitundu inaweza kutoka Raskazone ikazunguka kisiwa cha Toten ikarudi bila dalili yoyote, ukaifunga kwenye boya ukaenda zako kula urojo, huku nyuma ikaanza kujaa taratibu. Na hivyo hivyo vijipira vina katundu kadogo juu ka kuingiza hewa, kakizibwa na chumvi mnyonyo unageuka, maji yanaingia kwa njia ileile yaliyotakiwa kutokea. Hapo utapaka silikoni mpaka duka liishiwe.

Ikivuja imesimama, anzeni na vizibo vya nyuma vya kutolea maji. Viko viwili kwa kawaida na kila kimoja kina oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, oringi ikikauka au ikikaliwa na chembe ya mchanga basi, na mchanga wetu mnaujua. Oringi ni kitu cha bei ndogo sana lakini nshaona watu wanaipita kama haipo. Baada ya hapo nendeni kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha pampu, pale inapotoboa bodi kwenda kwenye pampu. Jetiski za Yamaha pale zina beringi na sili (mipira ya kuzuia maji) zake, na nyingi zina mahali pa kupigia grisi ambapo wenyewe hawajawahi hata kupaona. Zile za Sea-Doo nyingi zina pete ya kaboni inayosukumwa na mpira wenye mikunjo, pete ikilika au mpira ukichoka maji yanapita polepole mchana kutwa.

Ikivuja inakimbia tu, tazameni mipira ya maji ya kupozea injini na mipira ya ekzosi. Maji yanayosukumwa na pampu yana nguvu, klipu moja ikilegea inamwaga ndani kuliko ufa wowote wa chini. Klipu zikishakuwa na kutu msizikaze, tupeni mweke za stenlesi.

Namna ya kuthibitisha wala haihitaji kompyuta. Pandisha jetiski kwenye trela, funga vizibo, mwaga maji matamu ndani kwa mpira wa bustani mpaka yafunike pale shafti inapotokea, ila yasifike kwenye starta wala kwenye njia ya hewa ya injini. Msijaze kama tangi, lita mia ya maji ni kilo mia na trela zetu nyingine zenyewe zinashikiliwa na waya. Futa nje pakauke kabisa, kaa pembeni nusu saa, alafu chungulia chini na tochi. Panapotoka tone ndipo maji ya bahari yanapoingilia. Kwa ugonjwa wa kukimbia, unganisha mpira kwenye tundu la kusafishia injini uone ndani panapomwaga: washa injini KWANZA ndio ufungue bomba, na ukimaliza funga bomba kwanza ndio uzime. Ukigeuza huo mpangilio maji yanarudi kwa ekzosi mpaka kwenye silinda na hapo utasahau habari ya kuvuja. Msiirefushe pia, sili ya shafti inapozwa na maji ya bahari na nchi kavu hayapo.

Sasa kama kweli ni ufa. Kwanza jueni bodi ni ya nini, manake sio zote faiba. Sea-Doo Spark, iliyotoka 2014, bodi yake ni plastiki na rezini, ile gundi ya faiba, haishiki pale, itabanduka tu, ile inachomelewa kwa joto na mtu anayejua kuchomelea plastiki. Kwa faiba za kawaida mafundi tunao, hawa wanaoziba boti za uvuvi pale Deep Sea wanaweza, wapeni muda tu msiwakimbize. Ufa unasagwa kwa grainda uwe na mteremko mpana, kanuni ni mara 12 ya unene, bodi ya milimita nne inataka karibu sentimita tano kila upande, ndipo tabaka jipya linapata pa kushika. Iache ikauke siku kadhaa, na hewa yetu ya chumvi osha kwa maji matamu kwanza. Futa kwa asetoni. Katalisti, dawa ya kugandisha rezini ya polyesta, inakwenda asilimia moja mpaka mbili, kwa jua la Tanga kaa karibu na moja, ukizidisha inachemka yenyewe inapasuka. Na kama palishapakwa silikoni, pole, hapo rezini haikai mpaka usage yote iishe na mabaki yake, ndio maana mafundi wanakasirika wakiiona. Hela mliyookoa kwenye tyubu mtailipa kwenye msasa.

Kuna mzee mmoja wa majahazi huku Mwambani aliniuliza kwanini tusitie kalafati tu, ile pamba ya kuziba kati ya mbao. Hoja yake nzuri, lakini ile pamba inabanwa na mbao, mbao ikiloa inavimba. Faiba haivimbi, ukiingiza pamba kwenye ufa unaupanua tu.

Chanzo kingine tunakitengeneza wenyewe. Bamvua maji yanashuka mita tatu hivi, jetiski iliyofungwa kwenye boya karibu na pwani inakaa juu ya mawe, upepo wa kusi unaisugua kidogo kidogo, alafu jioni tunaivuta juu ya mchanga na watu sita badala ya kutumia magurudumu. Hapo hamna mtumba, ni sisi. Na maji yakikaa ndani muda mrefu lile povu la kuifanya ielee linayanyonya, chombo kinakuwa kizito hata ukikikausha, mwenyewe anadhani injini imepoteza nguvu.

Ikishazama msipige starta kwa pupa. Toeni plagi za injini kwanza ndio muizungushe maji yatoke, mkipiga na plagi zake maji hayabaniki, kinachopinda ni koneki rodi, mkono unaoshika pistoni. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa badilisheni, na mara moja haitoshi.

Ombi langu ni kwa ndugu zetu wanaokodisha pwani, hasa wakati wa Idi na Pasaka watu wanapojaa na watoto. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndio wanaosimamia ukaguzi wa vyombo vidogo na nafurahi wanapopita, lakini hawawezi kulala pwani. Kila jioni jetiski ikiwa kwenye trela fungueni vizibo muweke ndoo chini, muandike kwenye daftari yametoka maji kiasi gani na ilikuwa imekimbia au imesimama. Kikombe kimoja viwili ni matone ya abiria wanapopanda, siibishii. Ikifika nusu ndoo siku mbili mfululizo hiyo isitoke kesho yake, hata kama mteja ameshalipa.

Mpenda bahari,
Raskazone, Tanga