Niliambiwa niweke mto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumze na mafundi wetu wa bodi na welding kuhusu kiti cha gari. Mimi si fundi. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu na naishi Chang'ombe.

Marehemu mume wangu aliniachia Datsun 240Z, ile ya milango miwili yenye boneti ndefu kama ngalawa. Vijana hawaijui, ila wa rika langu wanaikumbuka Safari Rally ya enzi ile, ilipokuwa ikikatiza Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda na gari la aina hiyo, na 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta baada ya kufungana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun. Mume wangu alikuwa akiisimulia sare ile utadhani alikuwa amejificha kwenye buti.

Alikuwa mrefu, kichwa kinagusa dari. Basi akalipeleka gari kwenye gereji moja, wakamshushia kiti cha dereva. Kwake ikawa raha. Mimi ni mfupi. Nikikaa pale naona usukani na mawingu. Nilipoamua kuliendesha mwenyewe nilizunguka kwa mafundi watatu nikitaka kiti kirudi kwenye kimo chake cha kiwandani. Wote watatu, kila mmoja kwa siku yake, walinijibu neno moja: "Mama, weka mto."

Nikaweka mto. Siku ya pili, karibu na TAZARA, daladala ikanichomekea. Nikakanyaga breki, mto ukateleza mbele na mimi juu yake, mkanda ukanipanda tumboni. Mkanda hutakiwa kulala kwenye mifupa ya nyonga, maana tumboni hakuna mfupa wa kuuzuia. Lakini kilichonikosesha usingizi ni mlio. Kiti chenyewe kililia "kwa!" huko chini.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja kijana, eneo la Gerezani hapa Dar. Alichukua spana namba 12 akafungua kiti, na hapo tukaanza kuhesabu. Kiti kinashikwa na boliti nne. Tulikuta tatu, ya nne ilikuwa skrubu ya kupigia mabati ya paa. Akavua kapeti, akakwangua puti ya kuzibia bati, iliyokauka kama ugali wa jana. Gari hili halina chesesi inayojitegemea chini ya bodi, bati lake la sakafu ndilo mifupa yake. Kiwandani waliweka vibebeo viwili vya bati lililokunjwa, vikashikwa kwa nukta nyingi za welding ili mzigo wa kiti utawanyike. Gereji ile ilivikata kwa grinda, ikachomelea vipande viwili vya engo (chuma chenye umbo la L), zilezile za nondo za madirisha, juu ya bati la milimita moja hivi. Engo ilikuwa nzima. Welding nayo ilikuwa nzima. Kilichochanika ni bati la sakafu pembeni mwa welding, ufa wenye urefu wa kidole changu cha shahada.

Hapo ualimu ukanipanda. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa inayohusu viti vya magari inataka kiti na vishikizo vyake vihimili mshtuko wa mara 20 ya uvutano wa dunia. Chukua kiti cha kilo 15, zidisha: kwa kufumba na kufumbua kinavuta kama kilo 300. Hapo ni kiti kitupu, Bi. Mkubwa hajakaa.

Kazi ya yule kijana naieleza kwa sababu nilikaa kwenye ndoo siku mbili nikiitazama. Alitoa betri, akashusha tangi la petroli, kisha akalala chini ya gari na tochi kuona mabomba ya breki yanapita wapi. Upande wa abiria haukuwahi kuguswa, ukawa ndio kielelezo chetu. Nilikata boksi la sabuni kufuata umbo la kibebeo, nikaligeuza kama sura ya kwenye kioo. Tukaona kimo cha upande wa dereva kilikuwa kimepungua sentimita nne na nusu. Na alipong'oa rangi kwa msasa, vikajitokeza viduara vidogo vidogo kwenye mstari: alama za welding ya kiwandani, zimesubiri miaka yote hiyo kutuonyesha kibebeo kilikaa wapi. Nilipiga kelele mpaka jirani fundi redieta akaja kuuliza kuna nini.

Ufa ulikatwa na kiraka kipya kikawekwa. Kibebeo kikakunjwa kwa bati la milimita moja na nusu, nati zikachomelewa kwa ndani. Kabla ya welding ya mwisho alikifunga kiti kwa mkono tu, akakisukuma mbele na nyuma. Reli zisipokuwa sambamba kiti hukwama. Nikapima kona kwa kona kwa futi kamba. Mara ya kwanza ulalo mmoja ulizidi mwenzake kwa milimita sita. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si mstatili." Akacheka, akagonga kwa nyundo mara mbili, tukapima tena. Welding aliipiga kwa kurukaruka, nukta huku nukta kule, bati lisijikunje kwa joto, akamalizia na redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Ufundi nililipa laki tatu na nusu, na sikuomba punguzo, ingawa nina sifa mbaya kwa kuomba punguzo.

Simlaumu mume wangu kwa urefu wake, wala fundi kwa kumshushia kiti. Kushusha inawezekana, ila kibebeo kiundwe upya. Ninalolalamikia ni kuchukulia kiti cha gari kama kochi la maseremala wa Keko, kisha kufunika kwa puti na kapeti, mwenye gari asijue amekalia nini. Juzi kwenye Hiace ya Mbagala nilikalia siti ya nyongeza iliyokuwa ikicheza kama jino bovu. Nikainama kuchungulia: engo. Konda akaniuliza nimedondosha nini.

Wakaguzi wanapopima breki na taa, naomba watumie nusu dakika zaidi kushika kila kiti na kukitikisa kwa nguvu.

Lile boksi la sabuni bado ninalo, liko nyuma ya kabati, upande wa dereva nimeandika kwa kalamu nyekundu. Mwenye 240Z aliyekatiwa vibebeo aandike kupitia kwako, Mhariri, nitamkatia nakala.

Mwalimu mstaafu,
Chang'ombe, Dar es Salaam