Mbona daftari la Kiingereza ni jeupe?

Swali hili tunalipata karibu kila Jumamosi hapa kwenye banda letu la tuisheni, Mwanjelwa, Mbeya: "Mwalimu, nimelipia mwezi mzima, daftari jeupe. Mtoto anasema mlicheza rede." Ni kweli, mama. Tulicheza rede.

Mtoto wa darasa la pili akinakili maneno 20 ubaoni, mkono unafanya kazi lakini kichwa kiko kwenye maandazi. Kesho yake muulize onion ni nini, anakutumbulia macho. Ila mwambie harushi mpira mpaka ataje kadi uliyoinua, wenzake wanamsubiri, uone ulimi unavyofunguka.

Kwa mchezo mmoja tunachukua maneno 6 hadi 8, basi. Tunayatoa sokoni, kwenye vitu anavyotumwa kila siku: viazi vya Uyole, ndizi na parachichi za Rungwe, mchele wa Kyela. Kisha tunacheza soko: kadi tunazichora kwenye maboksi, na vizibo vya soda ndiyo hela. Muuzaji haachii kitu mpaka mnunuzi aombe vitunguu viwili kwa Kiingereza, "two onions, please". Hapo utasikia "ma-onion mawili". Si ujinga huo. Kiswahili kimemzoesha kuwa wingi unakaa mbele ya neno, na Kiingereza kinauweka nyuma, kwa s. Hatumkatizi. Muuzaji anauliza tu, "Two onions?" naye anaitikia vilevile, mzigo anapewa.

Mchele ndio unatuvunja mbavu. Wengi wetu huku r na l hupishana mdomoni, na rice ikitoka lice umeomba kilo ya chawa. Basi tumemchora chawa kwenye kadi yake, mkubwa, ana miguu sita. Anayesema lice anakabidhiwa chawa. Wanajirekebisha haraka, na wazazi wanaosubiri mlangoni nao tumewasikia wakijaribu kimyakimya.

Kuna michezo tuliyoibadilisha. Kwenye rede ya mtaani aliyepigwa anatoka. Tulianza hivyo, tukaona anayekaa pembeni ni yuleyule asiyejua maneno, yaani anayehitaji zamu kuliko wote. Siku hizi anayekosea anashika kadi, anawauliza wenzake raundi moja, kisha anarudi.

Kuandika kupo, ila neno likishakaa mdomoni. Kiingereza hakisomwi kilivyoandikwa kama Kiswahili. Mtoto aliyeanza na ubao atakusomea o-ni-o-ni, na kumtoa hapo ni kazi.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mwanao, liache daftari. Nenda naye sokoni umuulize vilivyomo kwenye kapu, kimoja kimoja. Akikwama, tuambie neno gani, tulirudishe mchezoni Jumamosi. Kadi hizohizo tunauza kwa walio mbali, Tukuyu au Tunduma. Kundi moja ni watoto 8, hatuzidishi, na Juni baridi ya Mbeya ikianza kung'ata soko letu la mchezo tunalihamishia ndani, kwa hiyo mje na masweta.