Kompyuta ya chombo cha anga haijui, inakadiria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo moja katika makala yenu kuhusu vyombo vya anga vinavyojiongoza. Mliandika kwamba kompyuta "inajua wakati wote chombo kilipo". Nimeandika programu za uongozaji kwa miaka 12 na sijakutana na kompyuta inayojua. Inakadiria, na kila kadirio lina shaka yake, nayo huhesabiwa kwa namba.

Gairoskopu, kifaa kinachopima jinsi chombo kinavyogeuka, hupotoka kidogo kidogo, na makosa yake hulimbikizana. Ishara za setilaiti nazo zina makosa. Kazi ya kichujio, yaani hesabu inayochuja makosa hayo, ni kutabiri chombo kitakuwa wapi, kulinganisha utabiri huo na kipimo kipya, kisha kuamua kiamini kipi zaidi. Mhandisi Rudolf Kalman alichapisha hesabu za kichujio cha namna hiyo mwaka 1960, lakini zilifaa pale mambo yanapokwenda kwa mstari ulionyooka. Mvutano wa sayari hauendi hivyo, wala pembe anayoipima rubani kati ya nyota na upeo wa dunia. Stanley Schmidt na wenzake wa NASA, walipokuwa wakiifikiria safari ya Mwezini, walilitatua hilo kwa kuweka, mahali pa mkunjo wa hesabu hizo, mstari ulionyooka unaougusa pale pale kadirio lilipo.

Ujanja huo umetufikisha mbali, na bado ninautumia. Hatari yake ni kwamba kadirio likiwa mbali na ukweli, mstari nao unakuwa si wenyewe, na shaka inazidi kupungua kana kwamba mambo ni shwari.

Yalinikuta katika majaribio ya kompyuta ya chombo kinachotua kwa kuangalia alama za ardhini kwa kamera. Kichujio kilidai hakikosei zaidi ya mita 5, kumbe kilikuwa nje kwa mita 800. Vipimo sahihi vilipokuja, kikavikataa kikidhani ni vibovu! Nilitafuta kosa kwenye kamera wiki mbili nzima. Kamera ilikuwa nzima.

Tiba niliipata katika njia ya Simon Julier na Jeffrey Uhlmann ya miaka ya 1990. Badala ya kunyoosha mkunjo, unachagua nukta chache kulizunguka kadirio, unazipitisha zote kwenye hesabu halisi, kisha unatazama zimeangukia wapi. Mimi nilikuwa nafuatilia mambo tisa, yaani mahali, kasi na mwelekeo, kila kimoja kwa pande tatu, hivyo nukta zikawa 19: moja kwenye kadirio lenyewe na mbili kwa kila jambo. Safari hii kichujio kilianza kwa kukiri shaka ya mamia ya mita, kikaipunguza taratibu kadiri alama zilivyoonekana, na chombo kikatua panapotakiwa.

Kwa hiyo, Mhariri, mtakapoandika tena kwamba chombo fulani kipo mahali fulani, waulizeni wahandisi wake shaka yao ni mita ngapi, na mtuchapie namba hiyo pia.

Msomaji wenu,
Mhandisi wa mifumo ya uongozaji