Bakuli la rangi likibanduka, usiilaumu rangi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu bakuli na vyombo vya maua vya mbao zilizokerezwa, vile vya samawati, nyekundu na kijani vinavyong'aa kwenye maduka ya vinyago. Malalamiko ya wanunuzi yanajulikana: rangi inachuja mkononi, ngozi ya juu inabanduka, ukingo unapasuka. Jibu la wenye maduka limekuwa kuwaambia mafundi waachane na rangi. Sisi tunaoshinda kwenye kerezo, mashine inayozungusha mbao ikichongwa kwa patasi, tunasema rangi inasingiziwa. Kosa liko kwenye kazi iliyoitangulia na kwenye kile kilichopigwa juu yake.

Mti kwanza. Rangi kali inataka mbao nyeupe: mwembe, jakaranda, hata msonobari, ingawa huo hunywa rangi kwa mabaka. Mfenesi ni wa manjano, kwa hiyo ukiupaka samawati utapata kijani, na fundi atadhani kauziwa poda bandia. Mpingo na mninga tuviache kama vilivyo. Anayepaka mninga rangi ya waridi anastahili kunyang'anywa patasi.

Tatizo ni kwamba mwembe unaofika karakanani mara nyingi umeangushwa juzi tu. Ukikereza bakuli mpaka mwisho siku hiyohiyo na kulipiga laka, ule mng'aro unaoyeyushwa kwa thina na kukauka haraka, maji yaliyobaki ndani yatataka kutoka na yatakuta njia imezibwa. Laka inavimba malengelenge, kisha inaachia. Bakuli linatakiwa likerezwe mara mbili. Mara ya kwanza acha unene wa moja ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 30 libaki na ukuta wa sentimita 3. Paka nta au gundi ya mbao pale penye ncha za nyuzi, lifunge kwa magazeti (ya jana yanatosha, Mhariri), liweke kivulini pasipo upepo mkali. Lipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, limekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu. Tanga au Mombasa hiyo ni karibu asilimia 14 ya unyevu, Dodoma ni chini ya hapo. Kwa mwembe hesabu miezi mitatu hadi sita. Litakuwa limepinda kuwa umbo la yai, na ule unene ulioacha ndio utakaokuwezesha kulirudisha kwenye duara. Mara ya pili fanya ukuta uwe sawasawa toka kitako hadi mdomo. Kitako kinene chenye ukingo mwembamba hukauka kwa kasi mbili tofauti, na bakuli kama hilo likisafirishwa hadi Ulaya, kwenye nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi, litapasuka hata kama lilipakwa vizuri namna gani.

Kwenye msasa ndipo wengi wanapokimbilia rangi mapema. Chukua bakuli lililokerezwa kutoka kwenye ubao ambao nyuzi zake zimelala, lizungushe polepole dirishani. Ndani na nje utaona sehemu mbili, zinazotazamana, ambapo patasi ilikata dhidi ya nyuzi na kuzing'oa badala ya kuzikata. Likiwa halijapakwa, huzioni kwa urahisi. Likipakwa nyekundu, zinatokea kama madoa mawili meusi, kwa sababu nyuzi zilizong'oka hunywa rangi maradufu. Msasa peke yake hauponyi hilo; rudi na patasi iliyonolewa upya, ondoa tabaka jembamba sana, halafu ndiyo uanze namba 120, 180, 240, 320 bila kuruka. Kila namba imalizwe kwa mkono, mashine ikiwa imesimama, ukifuata mkondo wa nyuzi, maana mikwaruzo ya duara iliyoachwa na mashine nayo hujaa rangi. Kisha futa bakuli kwa kitambaa chenye maji, liache likauke, na manyoya yatakayosimama yakate kwa namba 320 iliyochakaa. Usipofanya hivyo, rangi ya maji itayasimamisha wakati umeshachelewa.

Sasa rangi yenyewe. Ile ya mafuta ya kupaka milango hukaa juu na kuficha mbao. Inayotakiwa hapa ni poda inayoyeyuka na kuingia ndani, ili nyuzi zionekane. Kwa rangi kali, gramu 7 hadi 8 kwa robo lita ya maji ya vuguvugu zinatosha. Koroga kwenye chombo cha plastiki au kioo, acha ipoe, chuja kwa kitambaa, la sivyo punje moja isiyoyeyuka itapiga mstari kwenye bakuli zima. Paka kwa sponji mashine ikiwa imezimwa, loanisha kote kwa wakati mmoja, futa ziada kabla haijakauka, subiri saa 24. Ikikauka itaonekana imefifia kama chaki. Hapo usiongeze nyingine, laka itaifufua.

Poda za kupikia ukili wa mikeka zinavutia kwa bei, lakini tazama mkeka uliokaa juani utaona bakuli lako litakavyokuwa. Rangi ya batiki iliyokorogwa na kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni) ni mbaya zaidi: kostiki hutia mbao weusi, na mabaki yake huzuia vanishi kushika. Anayetaka nyeusi ya kweli ana njia ya bei ndogo. Chemsha magome ya mkoko, paka maji yake yenye tanini (ile dawa ya ukakasi iliyomo kwenye magome), acha yakauke, kisha paka siki iliyolowekwa misumari yenye kutu kwa wiki moja. Chuma na tanini hukutana ndani ya nyuzi na kugeuka weusi usiochuja.

Kuchuja kunatokana na jambo moja ambalo wauza rangi hawalisemi. Rangi ikiyeyushwa na spiriti, halafu juu yake ukapaka kwa brashi shelaki, utomvu wa wadudu ambao nao umeyeyushwa na spiriti, brashi itaiamsha rangi na kuiburuta. Thina ya laka inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo rangi ya maji iende na shelaki au laka; rangi ya spiriti ipigwe laka kwa bomba la kupulizia, ukungu mwembamba kwanza, bila kugusa kwa brashi. Vanishi ya mafuta haiamshi yoyote kati ya hizo, ila ina umanjano wake: nyekundu itapendeza chini yake, samawati itakuwa kijani cha bwawa.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa pwani ni rangi ya maji, kisha shelaki nyepesi (gramu 120 kwa lita moja ya spiriti), kisha laka mikono sita hadi minane, myembamba. Laka ipulizwe kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri siku ya jua. Asubuhi na wakati wa masika inafanya ukungu mweupe: thina inapopaa inapoza uso wa bakuli, unyevu wa hewani unaganda juu yake na kunaswa ndani. Ukungu ukitokea, pulizia thina inayokauka taratibu, mara nyingi hutoweka. Mikono miwili miwili ikikauka, piga msasa wa maji namba 600, kwa uangalifu mkubwa mdomoni mwa bakuli. Pale laka huwa nyembamba kuliko kote, na ukitoboa mpaka kwenye rangi utapata mstari mweupe usiozibika vizuri.

Halafu subiri wiki mbili au tatu. Laka inaendelea kusinyaa ndani ya vinyweleo vya mbao, na ukiing'arisha leo, mwezi ujao vishimo vitarudi. Baada ya hapo ni msasa wa maji 1000, 1500, 2000, na kompaundi ileile ya kung'arishia ya mafundi wa rangi za magari, kwa mwendo mdogo. Mwendo mkubwa unaichoma.

Wanaochoshwa na kusubiri wawatazame wakerezaji wa Channapatna, jimbo la Karnataka nchini India. Wao hawapaki rangi kwenye mbao kabisa. Rangi huchanganywa ndani ya lakiri, utomvu uleule wa shelaki ukiwa mgumu, kijiti chake hugandamizwa kwenye kifaa kinachozunguka, msuguano unaiyeyusha na kuitandaza papo hapo, kisha inang'arishwa kwa jani la jamii ya mkadi, huu huu ambao maua yake yanavaliwa pwani. Hakuna thina, hakuna ukungu, na hakuna cha kusubiri zaidi ya mbao kavu. Udhaifu wake ni joto: lakiri hulainika kwenye nyuzijoto sabini na kitu, kwa hiyo si ya kikombe cha chai.

Kuhusu chakula, tusidanganye wateja. Laka iliyokauka kabisa haina shida kwa matunda, maandazi au karanga, lakini poda za rangi hazikutengenezwa kwa kuliwa, na kisu au kijiko cha chuma kitaikwaruza laka. Bakuli la kachumbari lipakwe rangi nje tu. Ndani libaki mbao tupu, na nazi isitumike kama mafuta ya kulihifadhi, kwa kuwa haikauki na baada ya muda inachacha.

Mnunuzi ana kipimo chake: kitambaa cheupe chenye maji, sugua chini ya kitako. Kikitoka na rangi, mrudishie muuzaji. Na mwenye duka anayetaka bakuli za rangi kwa wageni wa Desemba aagize Juni. Anayeagiza Novemba atapewa mwembe mbichi.

Mafundi wakerezaji,
Tanga