Kompyuta ya mzazi mpya msiipime kwa kasi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia ulichapisha makala ya kuwashauri wazazi wapya juu ya simu, kamera na kompyuta za kutumia nyumbani. Mengi yaliyosemwa nayakubali. Ila mwandishi alisema pia kwamba Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni wa watu wenye muda wa kuchezea, na kwamba mwenye mtoto mchanga akae nao mbali. Hapo ndipo tunapoachana. Mimi nina mtoto mchanga, muda sina, na ni Linux hiyohiyo inayoniwezesha kumaliza kazi.

Kazi yangu ni kutafsiri: mikataba, miongozo ya mitambo, mara mojamoja kitabu. Binti yetu ana miezi mitano. Mama yake amesharudi kazini, kazi ya zamu, na akiwa hayupo mlezi ni mimi. Siku za kukaa mezani saa tatu mfululizo zimekwisha. Sasa napata vipande: dakika ishirini hapa, kumi pale, na hakuna ajuaye kipande kijacho kitaanza lini. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Ongeza nepi, kucheua, na kile kilio ambacho ukikitafutia sababu huioni. Kompyuta isiyoweza kuachwa ghafla katikati ya sentensi hainifai, hata prosesa yake iwe na mbio kiasi gani.

Makala yenu ilipima kasi, uzito na ubora wa kamera. Haikuuliza popote: nikiifunga mashine sasa hivi bila kuhifadhi chochote, nikairudia usiku, nitakuta nini?

Mashine yangu ni kompyuta mpakato, ThinkPad X250, toleo la 2015, yenye RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8. Prosesa yake haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wangeitupa. Nimeiwekea Debian 13, aina mojawapo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025. Nikifunika, inasinzia: kila nilichokuwa nimekifungua kinabaki kwenye RAM, na umeme inaoula ni kidogo sana. Zikipita saa mbili sijarudi, inajiamsha yenyewe, inanakili yaliyomo kwenye RAM hadi kwenye diski, halafu inazimika kabisa. Hata betri ikiisha, nikiichomeka na kuiwasha naikuta sentensi ilivyokuwa, na kishale kinamemeteka kwenye neno nililoliacha. Hakuna uchawi hapo. Ni mistari michache kwenye faili mbili za mipangilio, pamoja na sehemu ya diski iliyotengwa, kubwa kidogo kuliko RAM.

Naandikia kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi matupu. Programu hii huweka akiba ya pembeni kila baada ya herufi 200, au ukikaa sekunde 4 bila kugusa kitufe. Nikirudi nagonga g kisha nukta mkato, nayo inanipeleka mahali nilipobadilisha kitu mara ya mwisho. Nyaraka za wateja zinazodai LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, nazo nimezitengenezea: kwa kawaida programu ile hujiwekea akiba kila dakika 10, nami nimeshusha hadi 1. Dakika kumi ni nyingi mno kwa mtu anayeweza kuinuka wakati wowote na asirudi hadi jioni.

Suala la mkono mmoja makala yenu haikuligusa kabisa, na nashangaa, maana mzazi yeyote analijua. Binti yangu hulala akiwa amelalia mkono wangu wa kushoto, na ukimweka kitandani anaamka. Umebaki na mkono wa kulia. Kibodi ya kompyuta imetengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili iliyo huru: kunakili ni Ctrl na C, kubandika ni Ctrl na V, zote pembe ya kushoto kule chini, usawa wa kichwa cha mtoto. Kumbe kuna njia ya zamani ambayo programu nyingi bado zinaikubali, Ctrl na Insert kwa kunakili, Shift na Insert kwa kubandika, na vitufe vyote hivyo viko kulia. Tena kuna njia fupi zaidi. Kwenye Linux ukichagua maneno kwa kishale, yamekwisha kunakiliwa; nenda unakotaka, bonyeza kitufe cha kati cha kipanya, yanabandikwa. ThinkPad yangu ina kijinundu chekundu katikati ya kibodi na vitufe vitatu chini yake, basi kazi yote hiyo naifanya kwa vidole vya mkono mmoja.

Halafu kuna mipangilio ya ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono. Ndani yake mna chaguo la kuvifanya Ctrl, Alt na Shift vikumbuke kwamba vimebonyezwa. Unagonga Ctrl, unaachia, kisha unagonga herufi unayotaka, kwa kidole kilekile. Mifumo mingine pia inalo, sikatai. Ila ningependa kila mzazi aliwashe siku anayorudi kutoka hospitali, kabla hata hajaanza kufikiria programu gani apakue.

Usiku nina kanuni zangu. Sauti imezimwa, hata mlio mdogo wa onyo. Mashine iko kwenye hali ya kubana matumizi ya umeme ili feni isivume. Mwanga umeshushwa hadi mwisho na kioo kimegeuzwa rangi ya joto. Na siku zote, usiku na mchana, kioo hakimwelekei mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi kabisa skrini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Natumia kompyuta nikiwa naye. Sitaki yeye aitazame ninapoitumia.

Sasa nije kwenye zile programu za simu za kurekodi kunyonya na kulala ambazo makala yenu ilizisifu. Nilizifungua kadhaa. Kabla sijaandika hata neno moja, zilitaka barua pepe yangu, jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa. Mtoto bado hajajua kukaa, tayari ana akaunti. Nikaziacha. Badala yake nina faili moja ya maandishi matupu, mtoto.txt, na amri moja ya mstari mmoja:

n() { echo "$(date '+%d/%m %H:%M') $*" >> ~/mtoto.txt; }

Naandika n, kisha neno au mawili, nagonga Enter. Tarehe na saa inajaza yenyewe. Baada ya usiku mmoja faili inasomeka hivi:

14/11 23:05 chupa 90
14/11 23:30 kalala
15/11 02:40 kaamka nepi
15/11 02:50 chupa 110
15/11 03:35 kalala

Mama yake hana hamu na terminali, dirisha la kuandikia amri, na sikumlazimisha. Yeye nimemwekea alama tatu kwenye eneokazi: kunyonya, nepi, usingizi. Akibofya, kinatokea kidirisha kidogo (programu inaitwa Zenity), anajaza neno, na mstari unaingia kwenye faili ileile. Akitoka zamu hana haja ya kunihoji mlangoni. Anafunua, anasoma, anajua zamu ya nani kumbembeleza.

Faida nyingine ilikuja kliniki. Muuguzi aliuliza, "Baba, kwa siku anakojoa mara ngapi?" Wazazi wengi hapo hukisia. Mimi nilifunua mashine, nikaitaka ihesabu mistari ya jana yenye neno nepi, ikajibu saba. Kipimo cha kawaida baada ya siku chache za mwanzo ni nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, kwa hiyo tukapita kwenye swali la pili. Hakuna chati ya rangi wala picha ya dubu, lakini faili hiyo nitaweza kuisoma kwenye kompyuta yoyote hata binti yangu atakapokuwa na watoto wake.

Faili hiyo imebadilisha pia jinsi ninavyopanga kazi. Nilipoipanga mistari ya kulala kwa saa, niliona kwamba usingizi wake mrefu wa mchana huanza karibu muda uleule, baada ya saa saba. Basi vifungu vigumu vya mikataba navisubirisha hadi hapo. Orodha yangu ya kazi, nayo maandishi matupu, haina tena safu ya umuhimu. Ina safu ya ukubwa. Kazi za dakika tano ni kujibu barua pepe, kutuma ankara, kuhakiki istilahi moja. Kazi za dakika ishirini ni ukurasa mmoja. Zilizobaki nimeziandikia "kichwa kitulivu", na kusema kweli orodha hiyo haipungui haraka. Nikipata sekunde mbili kabla ya kuinuka naandika XX na kitu nilichokuwa nakusudia kufanya, mathalani "XX linganisha na kifungu cha 4". Nikirudi natafuta XX. Mkatizwaji hawezi kutegemea kumbukumbu yake mwenyewe, hasa aliyelala kwa mafungu.

Kazi za usafi wa mashine nimeziachia mashine. Masasisho ya usalama huingia yenyewe, na yakihitaji kuwasha upya, mashine inanisubiri hadi nitakapoamua. Kazi za ratiba sizipangi kwa cron, programu ya kuanzisha kazi saa ikifika, peke yake, kwa kuwa cron hudhani kompyuta iko macho muda wote: saa ikifika mashine imelala, kazi imepita. Anacron ilitengenezwa kwa kompyuta zisizokaa macho kutwa. Ikikuta kazi ya jana haikufanyika, inaifanya leo.

Picha ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko mikataba, maana mkataba mteja anayo nakala. Zinatoka kwenye simu zetu mbili hadi kwenye kompyuta kwa Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili, kifaa kwa kifaa, bila kuhifadhiwa kwenye seva ya mtu. Wengi wanaishia hapo na kuamini wamejikinga. Hawajajikinga: Syncthing inasawazisha, na ukifuta picha upande mmoja inafutika na upande wa pili, isipokuwa umeiwekea mpangilio wa kutunza matoleo ya zamani. Nakala rudufu ni kitu kingine. Hiyo naifanya kwa programu ya Borg, inayofumba data isisomeke bila nywila na kutorudia kuandika kilekile ilichokwisha kukiandika, kwenye diski mbili za nje. Moja iko kwenye kabati letu, ya pili iko kwa dada yangu, na tunabadilishana akija kumwona mtoto. Diski ya kompyuta yenyewe imefumbwa yote, ili ikiibwa, mwizi apate chuma tu.

Siwezi kudai hakuna adha. Wateja wanaotuma faili za Word zenye masahihisho ya watu wanne juu kwa juu hunisumbua. LibreOffice inazifungua, lakini mpangilio wa majedwali huhama, na hapo inabidi kuomba PDF ya kulinganishia. Ile hali ya kunakili RAM kwenye diski haifanyi kazi kwenye Debian kama Secure Boot, ulinzi wa mashine inapowaka, imewashwa, na hilo hutalijua mpaka usome. Mwandishi wenu alikuwa sahihi kwa hili moja: kuweka mfumo na kuunyoosha kunataka jioni kadhaa za utulivu. Jioni hizo zipo, ila ziko upande wa pili wa kalenda, wakati wa ujauzito. Mtoto akishafika, usibadilishe mfumo, usijaribu toleo jipya, usihangaike na mapambo ya madirisha. Ndiyo maana nilichagua Debian, ambayo toleo lake thabiti hutoka takriban kila baada ya miaka miwili na katikati hapo hupata marekebisho tu. Kwa asiyependa kugusa terminali kabisa, Linux Mint, aina nyingine ya Linux, ingemfaa zaidi yake.

Mwandishi wenu akiirudia mada hii, namwomba aongeze jaribio moja kwa kila kompyuta anayoipima. Afungue kazi yake halisi, aandike nusu sentensi, afunike kwa mkono wa kulia bila kuhifadhi, aende kwa saa tano bila kuichomeka kwenye umeme. Kisha aje aifunue akiwa amebeba kitu cha kilo sita kwenye mkono wa kushoto, aimalizie sentensi ile, na ahesabu vitufe alivyohitaji kubonyeza. Matokeo yachapishwe pembeni ya yale ya kasi.

Wenu,
Mfasiri, baba wa binti wa miezi mitano