Anti, mwanafunzi kaniumbua mbele ya darasa, na simu yake ninayo mimi

Shikamoo Anti,

Sijalala. Hapa ninapoandika jogoo wa jirani ameshawika, na saa moja na nusu natakiwa niwe mstarini na wanafunzi. Naomba usitaje jina langu wala mkoa, maana walimu wenzangu wanakusoma sana, hasa wale wa ofisi ya taaluma. Wakijua ni mimi nitahama mwenyewe bila barua ya uhamisho.

Kwanza mimi si kihiyo. Shahada yangu ya ualimu ni ya Baiolojia na Jiografia, na Kemia niliisoma mpaka kidato cha sita, nilikuwa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Watu wanaisahau hiyo C. Aliyekuwa anafundisha Kemia kidato cha tano na cha sita aliondoka kwenda kusoma, mkuu wa shule akaniita, akaniambia, "Mwalimu, tushikilie kidogo wakati tunaomba mwingine." Hicho kidogo bado nakishikilia. Moli, asidi na besi, hayo naenda nayo vizuri tu. Shida ni ogani, ile Kemia ya kaboni. Enzi zetu wengi tuliikimbia, tukachagua maswali mengine kwenye mtihani, maisha yakaendelea.

Sasa ningefanyaje? Vitabu vipo, lakini kitabu kinakuonesha mmenyuko ulivyoanza na ulivyoisha, pale katikati elektroni zimepita wapi hakisemi. Nikaingia YouTube. Huko walimu wamejaa, Khan Academy wapo, Wamarekani wapo, ila niliyemwelewa mimi ni Mhindi mmoja anayewaandaa vijana wa kwao kwa NEET, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Anaandika taratibu, anarudia, na akitumbukia kwenye Kihindi namsubiri mpaka atoke. Mke wangu anamwita "mgeni wako". Bando la usiku likianza tu, mgeni anaingia, na mimi nina daftari langu.

Ili bando litoshe naishusha video mpaka 144, ile ya ukungu. Anti, sijui kama ulisoma ogani, ila karibu yote ipo kwenye mishale iliyopinda. Mshale unatakiwa uanzie kwenye elektroni, yaani kwenye ile bondi ya mistari miwili ya alkeni, uelekee kwa hidrojeni. Ukiuanzia kwa hidrojeni umeharibu, na mtihani wa Mei haujui kuonea mtu huruma. Sasa kwenye 144 huoni mshale umeanzia wapi. Nasimamisha, narudisha nyuma, naisogeza simu mpaka inagusa pua. Hayo nayafanya kwa watoto wa watu, kwa hela yangu, halafu mtoto anasimama ananiambia eti tuko darasa moja.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafundisha propeni na HBr, kanuni ya yule Mrusi, Markovnikov. Hidrojeni inakwenda kwenye kaboni ambayo tayari ina hidrojeni nyingi, bromini inakwenda kwa jirani yake, unapata 2-bromopropani. Nikaanza ile kauli ya tajiri kuzidi kutajirika. Kabla sijaimalizia, kijana mmoja wa PCB, yule anayeongoza darasa, akanimalizia kwa lafudhi ya Mhindi yuleyule, na kichwa akakitikisa vilevile. Darasa zima likaangua kicheko. Halafu akasema, tena kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo inayonikosesha usingizi: "Kumbe sir tuko darasa moja."

Ile kauli haina mwenyewe, Anti. Hata Biblia inasema mwenye nacho ataongezewa. Mhindi naye kaitoa mahali.

Na hakuishia hapo. Akauliza, je, kukiwa na peroksaidi? Nikamjibu tutafika huko. Na kweli tungefika. Usiku nikaangalia sehemu ya pili, nikakuta peroksaidi inageuza mambo yote, bromini inakwenda kule mwisho, na ni kwa HBr tu, HCl haina habari hiyo. Swali la namna ile haliulizwi na mtu asiyejua jibu. Alikuwa ananipima.

Sasa jiulize, mtoto wa bweni kaiona wapi video? Simu shuleni ni marufuku, hilo nchi nzima inajua. Wiki iliyofuata nilikuwa zamu, tukafanya msako bwenini. Sikwenda kwa kisasi. Zamu ni zamu. Kwamba nilianzia kwenye kitanda chake, ni lazima uanzie mahali. Simu nikaikuta chini ya godoro, ndani ya soksi. Kwa utaratibu natakiwa niiandike kwenye kitabu cha zamu na kuikabidhi kwa mwalimu wa nidhamu, na kwetu hapa anayekamatwa na simu anasimamishwa masomo kwanza, mengine baadaye. Mimi sijaiandika. Ipo kwenye droo yangu, imezimwa, imefungiwa.

Isipokuwa memori kadi. Hiyo niliichomoa nikaiweka kwenye simu yangu, kuhakikisha tu hakuna picha chafu, na hilo ni jukumu la mlezi yeyote. Hakuna picha chafu. Ni ogani tupu. Mhindi yuleyule, kuanzia alkani mpaka amini, zote 720, mshale unauona tangu unapoanzia mpaka ncha. Sijanunua bando la usiku tangu hapo. Jumatatu naanza benzini, na nakuambia kweli, ni mara ya kwanza naelewa kwa nini benzini hairukii bromini kama alkeni inavyofanya mpaka uweke kichocheo cha chuma, na kwa nini ile pete ya benzini aliyoipendekeza Mjerumani Kekulé mwaka 1865 haikuwamaliza watu maswali. Zamani niliikariri tu.

Mke wangu anasema huo ni wizi. Mimi nasema hicho ni kielelezo. Kunakili siwezi, simu yangu imejaa picha za watoto, na kuzifuta yeye mwenyewe hataki.

Ni yeye huyohuyo aliyeniuliza, kwani kwa nini usiwaoneshe wote hizo video, projekta si ipo? Projekta ipo kwa mkuu, inatoka siku ya mahafali. Lakini tuseme imetoka. Mimi nitakaa wapi? Nitasimama pembeni nimeshika rimoti, Mhindi anafundisha? Si ndiyo nimekubali sasa kwamba tuko darasa moja?

Kijana mwenyewe hasemi kitu. Kila asubuhi "shikamoo sir", na mimi "marahaba". Juzi kaleta daftari lisahihishwe, mishale yake imenyooka kuliko yangu, nikampa alama zake zote, sikumpunguzia hata moja, ieleweke hivyo. Anataka kwenda Muhimbili. Baba yake alipiga simu kuulizia maendeleo, nikamwambia mtoto anaendelea vizuri ila ana mdomo. Mzee akacheka, akasema huo karithi kwa mama yake. Nikakata simu nikajisikia vibaya, sijui kwa nini, maana nilichosema ni kweli.

Sitaki asimamishwe masomo. Nataka tu aombe radhi, mbele ya darasa, palepale aliponisemea. Au asiombe, maana akiomba watacheka upya.

Alhamisi kuna kikao cha nidhamu na msako wetu upo kwenye ajenda. Nikiikabidhi simu, mwalimu wa nidhamu ataifungua na kuuliza kadi iko wapi, na kijana atasema ilikuwepo. Nikimrudishia kimyakimya, bweni zima litajua kabla ya chakula cha usiku, na video za amini bado sijazigusa. Nikinyamaza, kuna mwenzangu tuliyekuwa naye zamu, aliiona ile soksi.

Usiniambie nimwite tuongee wawili, hilo nimeshalifikiria na silitaki. Ila kama unaona hakuna njia nyingine, basi niambie nikimwita nianze na lipi, simu au lile neno lake. Na ukiweza jibu kabla ya Alhamisi.

Wako,
Mwalimu, Nyanda za Juu Kusini
(hilo la Nyanda za Juu nalo usiliandike)